Bipande bya Nyungu ya Mama

Hapana, ngoja kwanza. Usiniambie mi kama budongo ni uchafu. Sema kitu ingine. Sema sufuria inachemuka mbio, nitakubali. Sema sufuria ikianguka inapinda tu, haipasuke, hiyo pia ni kweli, sikatae. Lakini usisimame mbele yangu na ile masufuria yako yenye inangaa, ukasema ati, "Dada, wakati ya nyungu ilipita, budongo ni ya bantu ba zamani, we ungali kijana, achana nayo." Hapo unanitafuta. Na mi ukinitafuta, siko mbali.

Mwenye ninajibu hivi ni rafiki yangu. Anauzishaka masufuria ya alminiyo kwenye soko ya Baraka, na tulikomala pamoja, nyumba kwa nyumba. Muntu akimugusa, mi njo nitakuwa wa kwanza kufika. Lakini juu ya nyungu, leo atanisikia mpaka mwisho.

Kwanza, yeye mwenyewe alizaliwa wapi? Mu nyumba ya miti na budongo, sawa mi. Kila mwaka, mbele mvua ianze, bamama balikuwa banachota budongo, banaikanyaga na miguu huku banaimba, kisha banapaka ukuta upya. Shi batoto tulikuwa tunakimbia kuingiza bidole mbele ikauke. Mpaka leo, kwa ukuta ya nyuma ya kwao, iko fasi moja yenye bidole byake bidogo bilibakia, bine na kidole gumba. Nilimuvuta mukono, nikamuonyesha. Leo iko na nyumba ya matofali, anajisikia mukubwa. Tofali ni nini? Ni budongo yenye iliona moto. Na bibi yake iko na mimba, kila asubui anatuma muntu kwa soko amuletee pemba, ile budongo mweupe yenye bamama banatafunaka. Siku yenye pemba inakosa, hakuna amani mu ile nyumba, rafiki yangu mwenyewe anakimbia kwenye masufuria yake. Sasa mutoto wake anajengwa na nini kule ndani? Na alminiyo?

Lakini hayo ni maneno tu. Mi niko na sababu yangu, na sababu yangu iko na tumbo mupana na rangi nyeusi.

Mama yangu iko na restora kando ya barabara, pale magari yenye inatoka Uvira na kupita Mboko inasimamaka. Nikisema restora, usiwaze mambo mingi: miti ine, mabati, mabenchi tatu, na nyuma, mafiga tatu ya mawe. Anapikaka bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndakala, ile samaki ndogo ya ziwa. Lakini bantu hawakukuyaka juu ya sombe. Balikuwa banakuya juu ya maharagi. Mama alikuwa anapika maharagi mu nyungu moja kubwa yenye koko yangu, mama ya mama, alifinyanga na mikono yake. Alikuwa anaianzisha asubui na moto kidogo, bila haraka, na saa sita inatoka laini mpaka ndani lakini nzima, ngozi haikupasuka, na iko na harufu moja sijue nikuelezee namna gani. Sawa harufu ya mvua ya kwanza, lakini yenye unaweza kukula. Badereva balikuwa banavumilia njaa tangu Mboko, banapita marestora yote, juu ya ile nyungu.

Na ujue hii mbele niendelee. Papa yangu alikufa ningali mudogo. Mbele ya restora, mama alikuwa anabeba mizigo. Magunia ya mihogo, kutoka kwenye mitumbwi mpaka soko, gunia kwa mugongo na kamba kwa kipaji. Alifanya vile myaka mingi, mpaka mugongo ukamuharibikia. Hata sasa haweze kuinama bila kushika kitu. Ile nyungu njo ilimutosha, ilimutoa mu ile kamba. Iko bamama bengi Baraka benye hawakupataka nyungu ya kubatosha.

Sasa, mi njo niliivunja.

Ilikuwa saa ya kula, mabenchi imejaa. Kulikuwa motari mumoja, kijana wa kubeba bantu na pikipiki, kinywa yake kubwa sawa yangu. Alikuwa na hasira juu pikipiki yake ilikwama mu shimo ya barabara, mbele kabisa ya restora yetu, na alianguka mu matope bantu bote banaona. Aliikala, alionja maharagi, alisema na sauti ya juu:

"Eh, mama! Mbona ninasikia muchanga mu meno? Unatupikia ile nyungu yako pamoja na maharagi? Unalisha bantu budongo sawa kuku?"

Bantu balicheka. Mama alitabasamu, aliendelea kupakua.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hiyo ni matope yenye uliingia nayo."

Bantu balicheka tena, mara hii juu ya motari. Ingeisha pale. Kila muntu mwenye akili aliona iliisha pale. Mi sikuona.

"We!" nilisema. "Rudisha hiyo kinywa fasi ulitosha! Unasema mama yangu anapika uchafu? We mwenyewe unanuka petroli mpaka ndakala inataka kurudi mu ziwa!"

"Dada, punguza moto."

"Moto? Utaona moto!"

Nilimurukia. Sikumufikia. Muguu yangu iligonga figa, figa ilitoka, na nyungu haikuanguka mbio. Ilijipindua polepole, sawa muntu muzima mwenye anatafuta fasi ya kuikala. Kisha puu. Maharagi yote mu majivu.

Motari alisimama, aliweka sahani yake chini bila kelele, alitoka. Mama alishika muti ya nyumba, aliinama, aliokota mufuniko, aliupangusa na kitenge yake. Kisha aliniangalia.

"Mwanangu," alisema, "ulikuwa unanitetea, ao ulikuwa unanimaliza?"

Niliinama, nikaanza kuokota bipande mu majivu.

Nilifanya nini na bipande? Nilifanya vile kila muntu wa Baraka anafanyaka. Tofali ikivunjika, sahani ikivunjika, unaenda kumwanga mu shimo ya barabara, juu hakuna mwingine mwenye atakuya kuiziba. Bila kuuliza mama, nilijaza bipande mu beseni, nikamwanga mu ile shimo mbele ya restora, nikakanyaga na miguu mbili mpaka bikazama. Niliwaza: angalau pikipiki hazitakwama tena. Nilijiona na akili kabisa.

Ile siku ile ile, rafiki yangu alituletea sufuria, kubwa kupita zote zenye alikuwa nazo, bila kuulizwa. Aksanti yake haitaisha kwangu, hata leo nikimugombeza. Lakini maharagi mu sufuria ilikuwa kitu ingine. Juu inapasuka, chini inaungua, katikati bado iko ngumu. Mama alipunguza moto, aliongeza maji, alikoroga mpaka mukono ukamuuma. Badereva balikuwa na heshima mwanzoni. "Mama, leo maharagi inanuka moshi kidogo." Kisha, "Mama, leo nipe tu chai." Kisha hakuna mwenye anasema kitu, gari inasimama mbele, kwa jirani. Benchi ya tatu ilibakia bila muntu, kisha ya pili pia.

Asubui moja nilikuta mama ameikala mulangoni, iko na kamba kwa magoti. Ile kamba. Alikuwa anaipaka mafuta ya mawese ili irudie kuwa laini.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Ni kamba tu," alisema.

Mi masomo ya ekole niliacha mapema, lakini mambo mingi nilijifundisha peke yangu. Kutengeneza telefone, kushona, Kifaransa nilisoma kwenye karatasi za dawa na za sabuni. Nilijiambia: nyungu ni nini? Ni shimo yenye iko na ukuta. Itanishinda juu ya nini? Kuenda kwa koko nilikuwa na haya, na tena bidole byake bilipindaka, ilikuwa myaka mingi hafinyange. Nilienda kwa benye banapiga matofali kule mutoni, nikaomba budongo, bakanipatia. Nilifinyanga. Na ilikuwa muzuri, sidanganye, nilizunguka kuiangalia sawa muntu amenunua nguo ya sikukuu. Niliianika kwenye jua siku mbili. Siku ya tatu niliwasha moto nyuma ya nyumba.

Paa!

Ujue kwetu, kitu ikilia paa sawa bunduki, muntu haulizi. Analala kwanza, ataulizia kule chini. Jirani yetu, mama mukubwa mwenye alikuwa anaanika nguo, alilala kifudifudi, beseni kwa kichwa. Kisha ikalia tena, paa, paa, na bipande bikaruka mpaka kwenye mabati yake. Alipoinua kichwa na kuona kama ni nyungu, alinitukana mu Kibembe, akanitukana mu Kiswahili, akamalizia na Kifaransa. Nilikubali yote. Kile Kifaransa tu njo nilimurekebisha, na hapo akatafuta fimbo.

Kesho yake nilienda kwa koko.

Koko anaikala mukini, kijiji ya juu, kwenye barabara ya kupanda Fizi. Nilimukuta kwa mukeka, anachambua mihogo na ile bidole byake.

"Koko, nyungu ya mama ilivunjika."

"Nilisikia."

"Nani alikuambia?"

"Bamotari. Kwani iko kitu bamotari banafichaka?"

"Unifundishe kufinyanga."

Alishika mikono yangu, akaigeuza juu na chini sawa muntu anachagua samaki. Nilingoja anigombeze. Aliuliza tu:

"Bipande biko wapi?"

"Bipande gani?"

"Bya nyungu."

"Koko, si ilivunjika? Nilitupa."

"Wapi?"

"Mu shimo ya barabara."

Koko alifunga macho. Kisha alisema, bila kupandisha sauti: "Mutoto huyu ametupa mama yangu mu barabara."

Hapo njo alinielezea kitu yenye hata mama yangu hakuniambiaka, juu alifikiri kila muntu anaijua. Budongo mupya peke yake ikiona moto inapasuka. Inaitaji kuchanganyika na budongo yenye ilishapitia mu moto. Basi nyungu ya zamani ikivunjika, haitupwe. Bipande binatwangwa mu kinu, binachanganywa na budongo mupya, na hiyo njo inashikilia ukuta siku ya kuchoma. Nyungu ya mama, koko aliifanya wakati yeye koko aliolewa, na alitia ndani bipande bya nyungu ya mama yake mwenyewe. Na ile ilikuwa na ya koko yake. Mubinti akitoka kwao kuolewa, alikuwa anatoka na kipande imefungwa mu kitambaa.

Mi niko mubishi, niliuliza: "Sasa bipande bya nyungu ingine yoyote habiweze?"

"Binaweza," koko alisema. "Nyungu itapika muzuri."

"Mama atajua?"

"Hapana."

"Basi?"

"We utajua."

Nilishuka Baraka jua ingali juu. Asubui yenye ilifuata, nilichukua jembe, beseni na ndoo ya maji, nikaanza kuchimba barabara mbele ya restora yetu. Ninatosha matope, ninasafisha mu beseni, ninainua kipande kwa jua kuangalia kama ni nyeusi, ninaweka kando. Ninarudia. Sikuwaza kama Baraka yetu iko mu teritware ya Fizi, fasi yenye kila familia iko na muntu mumoja kwenye machimbo ya zahabu.

Wa kwanza kusimama alikuwa nani? Ule ule motari.

"Dada, unatafuta nini?"

Nilikuwa ningali na hasira naye. Niliinua kipande, nikaiangalia kwa jua, nikaifunika na kitenge juu sikutaka aione.

Kumbe hiyo njo kosa. Kwetu mwenye amepata zahabu haseme. Motari aliangalia beseni, aliangalia kitenge, aliwasha pikipiki akaenda mbio. Alirudi na jembe. Nyuma yake kulikuwa babili na majembe, nyuma ya bale babili kulikuwa bantu sita, na mbele sijasafisha kipande ingine, barabara ya Baraka ilikuwa na bantu kila upande, mikono mu matope. Muzee mumoja alisimama katikati anaelezea ati hii fasi yote, mbele ya barabara kupita, ilikuwa shamba ya papa yake, na bote banapashwa kumuona kwanza. Mama mumoja wa ndakala alimwanga ndakala yake ili abakie na beseni. Gari ya Uvira ilipiga honi, hakuna mwenye aliondoka. Dereva alishuka, aliuliza, alirudi kwa gari kuchukua beshi yake ya kuchimbia.

Mi nilikuwa ninalia, "Ni byangu! Ni byangu!" na hiyo njo iliharibu kabisa, bantu bakachimba na nguvu.

Mama alitoka mulangoni. "Munatafuta nini mbele ya nyumba yangu?"

Motari alikuwa na kitu mu mukono, anaisugua na mate. Alimupelekea. "Mama, we mukubwa, tuambie. Hii ni mawe gani?"

Mama aliigeuza. Aliisikia na kidole gumba, upande wa ndani, fasi yenye ilikuwa laini juu ya myaka yote ya mwiko.

"Hii haiko jiwe," alisema. "Hii ni nyungu yangu."

Kisha muntu mumoja alicheka, na kicheko kikapita barabara yote mpaka kwa gari. Balienda, banatikisa matope, banatukana, yule muzee banamuuliza kama papa yake alikuwa analima manyungu. Mama wa ndakala alirudi kutafuta ndakala yake, kuku zilishaanza.

Motari alibakia, jembe kwa bega.

"Kumbe ni ile," alisema.

"Njo ile."

"Yenye ulivunja juu yangu."

"Yenye nilivunja juu ya kinywa yako."

Alikuna kichwa. "Dada, ile siku hakukuwa muchanga mu maharagi. Nilikuwa na hasira ya pikipiki tu. Bantu balinicheka."

Hakuomba musamaha kupita hapo, na mi sikumuuliza. Alichuchumaa, akaingiza mikono mu matope. Tulipata nusu ya beseni. Kisha alipandisha mi na beseni kwa pikipiki mpaka kwa koko, polepole kabisa, anaepa kila shimo, sawa muntu amebeba mugonjwa.

Nilibakia kwa koko mpaka kazi iishe. Yeye anaikala kwa mukeka, mi ninafanya. "Twanga. Usilainishe sawa bunga, acha ikuwe sawa muchanga ya ziwa." Ninatwanga. Nilichota budongo kando ya kijito, nikamuletea. Alionja na ulimi, akatema. "Hii iko na mizizi. Chimba chini zaidi." Nilirudi. Nilikanyaga na miguu mpaka mapaja ikawaka. Kisha kuviringisha budongo ikuwe kamba ndefu, kuipandisha moja juu ya ingine mu duara, kulainisha ndani na nje na kipande ya kibuyu.

"Unafinya na hasira," koko alisema.

"Siko na hasira."

"Kidole gumba yako inasema uko nayo. Shika hapa. Unasikia ukuta ni nyembamba? Hapa njo itapasukia. Nani unagombana naye mu kichwa?"

"Rafiki yangu wa masufuria. Alisema..."

"Mutoshe mu nyungu yangu."

Alinivunjisha mara tatu. Mara ya tatu nilitupa kibuyu. "Koko, nimechoka mi!"

"Nilimuambiaka mama yangu vile vile," alisema. "Anza."

Ya ine ilisimama. Tuliiweka ndani ya nyumba, kwa kivuli, tukaifunika na majani ya ndizi ikauke polepole. Na hapo njo ilikuwa ngumu kupita yote, juu motari alipita akaniambia kama mama alifunga restora. Alimuona asubui kule mitumbwi, na gunia kwa mugongo, na kamba kwa kipaji. Mara mbili alimuona.

Nilikamata kuni. Nilimuambia koko tunachoma leo, sasa hivi.

"Bado iko na maji ndani," koko alisema.

"Mama anabeba magunia, koko! Na ile mugongo yake!"

"Ni mutoto wangu, ninajua mugongo yake. Ukichoma leo, atabeba maisha yake yote. Ukingoja, atabeba siku kidogo."

Nilitoka inje, nikapasua kuni za koko zote, hata zenye hakuniomba. Nililia na hasira. Lakini nilingoja. Mi! Kila asubui ninaingiza mukono chini ya majani, ninasikia ubaridi ya maji, ninarudisha. Mpaka siku moja mukono haikusikia baridi, na koko aliigonga na kucha yake, akasikiliza, akasema, "Leta majani makavu."

Tuliigeuza juu ya mawe tatu, mudomo chini, moto ya moshi kwanza ili ipate joto, kisha majani, maganda ya miti, kuni, mpaka nyungu haionekane tena. Niliikala karibu, ninangojea paa. Moto ilipanda. Ninasikiliza. Kuni zinalia kidogo, ninaruka. Koko alisinzia, ee, alisinzia kabisa, mi ninakufa pale. Paa haikukuya. Moto iliposhuka, nyungu ilikuwa nyekundu sawa pilipili, nzima. Niliamusha koko na kelele yenye mukini yote ilisikia. Tuliinyanyua na muti, nikaimwangia maji ya maganda yenye koko alichemusha, ikalia shiii, na ile wekundu ikageuka nyeusi mbele ya macho yangu. Kisha tulipika ndani uji ya bunga ya mihogo, nyepesi, ili izibe tundu ndogo ndogo.

Kipande kimoja hatukukitwanga. Koko alikifunga mu kitambaa, akanipatia. Nilikifunga kwa ncha ya kitenge yangu.

Nilishuka Baraka na nyungu kwa mugongo, nimeifunga na kitenge sawa mutoto. Mama alikuwa ametoka kwenye mitumbwi, kipaji yake iko na alama ya kamba. Aliichukua, aliigonga na kidole, aliingiza kichwa ndani, alinusa. Nilimungojea aseme. Alienda kuchagua maharagi.

Lakini nyungu tumbo yake ni duara, haisimame kwa sakafu bila kitu ya chini. Ngata ya zamani, ile duara ya majani ya kuikalisha nyungu, iliungua siku ile ya motari. Mama aliangalia huku na kule, kisha alichukua ile kamba, ingali na mafuta, akaizungusha mara tatu, akaifunga. Akaikalisha nyungu juu yake. Mpaka leo njo iko pale. Mi nikipita ninaiangalia, na ninasema aksanti, sijue kwa nani: kwa koko, kwa mama yake, kwa kile kijito, kwa ile shimo yenye ilinitunzia bipande.

Harufu ilipofika kwa barabara, gari moja ilisimama. Sahani ya kwanza mama alipatia motari.

"Kula," alimuambia. "Na ukisikia muchanga, meza."

Rafiki yangu alikuya pia, alikula sahani mbili. Leo alinikuta ninafungua kile kitambaa, juu ninaitunza mu sanduku pamoja na byuma bidogo bya kutengeneza telefone, akasema tena, "Dada, ni kipande ya budongo tu." Nilimujibu yote yenye umesoma hapa, na alienda ameshiba na maneno. Sasa nimebakia na we. Nyungu ya mama yako ilipovunjika, bipande ulitupa wapi?